Kabaila Aliyefufukia Vitabuni

Usiku mmoja wa Desemba 1750, wanaume wenye bastola na panga waliizingira nyumba ya Edinbellie, magharibi mwa Skoti. Walimfuata Jean Key, mwanamke wa miaka 19, mjane wa miezi miwili tu na mrithi wa mali ya kutosha kumtia mtu tamaa. Walimtoa mikononi mwa mama yake, wakampandisha farasi kwa nguvu na kutokomea naye kuelekea milimani. Kiongozi wao alikuwa Robin Oig MacGregor, mtoto wa yule Rob Roy mashuhuri. Kasisi akaletwa, maneno ya ndoa yakasomwa, bibi harusi akilia.

Msomaji wa riwaya za mapenzi za mabwana wa milima ya Skoti amekutana na picha hii mara nyingi: giza, farasi, na mwanamume wa mabega mapana asiyekubali kukataliwa. Vitabuni, hapo ndipo penzi linapoanzia. Ukifika katikati ya kitabu, aliyetekwa ndiye anayeshika funguo za kasri na kuwagombeza askari wa mumewe kwa kuingia na matope ukumbini. Jean Key hakuyapata hayo. Mahakama iliizuia mali yake ili watekaji wasiiguse, akapelekwa Edinburgh, akatoa ushahidi wake kwa kiapo, na mwaka 1751 akafa kwa ndui. Robin Oig alinyongwa Edinburgh mwaka 1754.

Kutoka kwa Robin Oig hadi shujaa aliyechorwa kwenye jalada, kifua wazi na shuka la mirabaraba begani, ni safari ya zaidi ya karne mbili. Waliomsafirisha ni mchanganyiko wa ajabu: mshairi mwongo, wakili mwenye kipaji cha hadithi, mfalme mnene, wafumaji wa vitambaa, waandishi wa kike, na mwishoni profesa mmoja wa Arizona ambaye alipoanza kuandika hakuwa amewahi kuikanyaga Skoti.

Lairdi, kwa maana yake ya kawaida, ni mwenye ardhi tu. Hahitaji taji wala cheo cha ukoo wa kifalme. Lakini katika Nyanda za Juu za Skoti, upande wa kaskazini na magharibi ambako lugha ilikuwa Kigaeli, lairdi mkubwa mara nyingi alikuwa pia mkuu wa ukoo, na hapo ndipo ukabaila wake ulipopata uzito. Watu waliolima ardhi yake walijihesabu damu yake, hata pale ambapo wengi walikuwa wamelichukua jina lake ili wapate ulinzi. Walimlipa nafaka, siagi, kuku na siku za kazi. Alipopiga mbiu ya vita walitoka na silaha. Naye aliwapa shamba, aliamua kesi zao barazani kwake, na mwaka wa njaa aliwafungulia ghala. Baadhi ya mabwana hao walikuwa na haki ya kisheria ya kutia watu gerezani na hata kuwanyonga.

Utajiri wa milimani ulihesabiwa kwa ng'ombe, kama ulivyohesabiwa Umasaini. Kila mwaka makundi makubwa yaliswagwa kwenda kusini, kwenye minada ya Crieff na baadaye Falkirk, na wizi wa mifugo ulikuwa shughuli iliyokaribia kuwa ya heshima. Rob Roy mwenyewe, aliyefariki 1734, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe aliyefilisika. Alilipwa pia na wenye mifugo ili ng'ombe wao wasiibwe, na asiyelipa alijua nani angekuja usiku.

Hata hivyo mabwana hao hawakuwa washenzi wa mapangoni, ingawa riwaya nyingi hupenda kuwaonyesha hivyo ili msichana wa Kiingereza apate wa kumfundisha adabu. Mwaka 1609, kwa mapatano yaliyofanyika kisiwani Iona, wakuu wa visiwa walikubali kuwapeleka wana wao wa kwanza kusini wakasome Kiingereza. Kufikia karne ya 18 lairdi wa kawaida alikunywa divai ya Bordeaux, alikuwa na wakili Edinburgh na madeni kila mahali. Alijua kuwa baba kwa wapangaji wake, na alijua pia kuwauza. Mwaka 1739 watu wapatao mia moja, wakiwamo wanawake na watoto, walikamatwa usiku katika visiwa vya Skye na Harris na kupakiwa melini ili wakauzwe utumwani Marekani kwa mkataba wa miaka. Meli ilitia nanga Ireland, mateka wakatoroka, na kashfa ikalipuka. Waliotuhumiwa kuijua njama hiyo walikuwa mabwana wawili wakubwa wa Skye, MacLeod wa Dunvegan na MacDonald wa Sleat. Hakuna aliyeshtakiwa.

Kisa hicho hakimo katika riwaya za mapenzi. Vita vya Culloden vimo karibu kila mahali.

Charles Edward Stuart, mjukuu wa mfalme aliyepinduliwa mwaka 1688, alitua magharibi mwa Skoti Julai 1745 akiwa na wafuasi wachache, akidai kiti cha babu yake. Sehemu ya koo za milimani zilimfuata. Nyingine zilikaa nyumbani, na nyingine zikapigana upande wa serikali, jambo ambalo waandishi wengi hulisahau. Jeshi lake liliteka Edinburgh, likashuka hadi Derby, ndani kabisa ya Uingereza, kisha Desemba likageuza njia. Tarehe 16 Aprili 1746, kwenye uwanda wa tope wa Culloden karibu na Inverness, askari wenye njaa waliokuwa wametembea usiku kucha walikimbilia mizinga na bunduki za gumegume za mtoto wa mfalme, Duke wa Cumberland. Pigano halikufika saa moja. Upande wa Stuart uliachwa na watu zaidi ya elfu moja wamekufa au kujeruhiwa, na majeruhi wengi waliuawa pale pale walipolala.

Kilichofuata kiliumiza zaidi ya pigano. Bunge la London lilizifuta mahakama za makabaila, likakusanya silaha, na kuanzia 1747 likawakataza wanaume na wavulana wa milimani kuvaa mavazi yao. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi sita. La pili, kuhamishiwa ng'ambo kwa miaka saba. Walioruhusiwa kuvaa ni wale waliojiunga na vikosi vya mfalme, na wengi walijiunga. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Miaka 35 inatosha kwa kizazi kizima kukua bila kujua babu zao walivyolifunga shuka.

Kwa mkuu wa ukoo, hasara kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Kabla ya 1746 watu walikuwa nguvu yake: kadiri alivyokuwa na wanaume wengi wa kupigana, ndivyo jirani alivyomwogopa. Vita vya koo vilipokwisha, watu wengi juu ya ardhi mbovu wakawa mzigo. Kondoo walilipa kodi kubwa kuliko binadamu.

Hapo ndipo ndoto ilipoanza kuandikwa. James Macpherson, mwalimu mwenye makuu, alichapisha kuanzia 1760 tenzi alizodai kuwa ni tafsiri ya mshairi wa kale wa Kigaeli aitwaye Ossian. Samuel Johnson, mkali wa kamusi wa London, alisema waziwazi kwamba ni uzushi. Kweli Macpherson aliokota vipande vya masimulizi ya kale, kisha mengine mengi akayatunga mwenyewe. Ulaya haikujali. Napoleon alizipenda tenzi hizo, na milima iliyoogopwa kwa wezi wa ng'ombe ikawa mahali pa kwenda kuhuzunika kwa raha.

Kabla Walter Scott hajachapisha riwaya yake ya kwanza, mwanamke alikuwa ametangulia. Jane Porter alichapisha The Scottish Chiefs mwaka 1810, kitabu kinene kuhusu William Wallace, mpigania uhuru wa karne ya 13. Wallace wa Porter ni mcha Mungu, mpole kwa wanawake, machozi karibu, upanga mrefu. Anayetafuta babu wa mashujaa wa riwaya za leo na amtazame huyo, kwa kuwa sifa zote zimo tayari: anaua asubuhi, jioni anabembeleza. Wasomaji walimpokea kwa mikono miwili.

Mwaka huohuo Scott, wakili wa Edinburgh, alitoa utenzi wake The Lady of the Lake, na watalii wakamiminika Loch Katrine kuona ziwa lililotajwa. Kisha tarehe 7 Julai 1814 ikatoka Waverley, bila jina la mwandishi. Inamhusu kijana wa Kiingereza anayevutwa na uasi wa 1745 na kumhusudu mkuu wa ukoo aitwaye Fergus Mac-Ivor pamoja na dada yake mrembo, Flora. Scott alielewa siasa kuliko wengi wa wafuasi wake. Fergus ananyongwa kwa uhaini, Flora anaingia utawa, na kijana anamwoa Rose, binti mtulivu wa Nyanda za Chini. Katika The Lady of the Lake pia, mkuu wa ukoo Roderick Dhu anafia kifungoni na msichana anaolewa na mwingine. Scott alimpenda sana bwana wa milimani, lakini hakumwachia mke. Kwake watu wa aina hiyo walikuwa wazuri kwa sababu wakati wao ulikuwa umepita.

Wiki chache tu kabla ya Waverley kufika madukani, Juni 1814, Patrick Sellar, msimamizi wa mashamba ya Countess wa Sutherland, aliingia bonde la Strathnaver na watu wake kuwatoa wapangaji. Mapaa yalibomolewa na kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Bikizee mmoja wa karibu miaka mia moja alitolewa nyumbani moshi ukiwa umeanza, akafa baada ya siku chache. Sellar alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa kusababisha kifo na akaachiwa huru. Baadaye yeye mwenyewe alifuga kondoo katika bonde lilelile. Countess Elizabeth, aliyekuwa mkuu wa ukoo wa Sutherland kwa haki ya kuzaliwa, aliendelea kuwahamishia watu wake kwenye vijishamba vya pwani ili wakajifunze uvuvi.

Kwa hiyo matukio mawili yalikwenda sambamba: bwana wa milimani akitukuka kwenye karatasi huku akiwafukuza watu wake kwenye ardhi. Aliyeyabeba yote mawili kifuani mwake ni Alasdair Ranaldson MacDonell wa Glengarry. Alitembea na walinzi, mpiga zumari na mtunga mashairi, alianzisha chama cha wanamilima wa kweli, na picha aliyochorwa na msanii Raeburn inatundikwa Edinburgh hadi leo. Inasemekana Scott alimfanya kielelezo cha Fergus. Na wakati huohuo wapangaji wake walikuwa wakiondolewa ili kondoo na wakata miti wapate nafasi. Alikufa 1828 katika ajali ya meli ya mvuke, akawaachia warithi madeni.

Mnamo Agosti 1822 George IV alizuru Edinburgh, mfalme wa kwanza aliye madarakani kuja Skoti tangu karne ya 17. Scott ndiye aliyeipanga sherehe. Aliwataka wakuu wa koo waje na mavazi ya milimani, na mji ambao babu zake waliyaona mavazi hayo kuwa ya wezi ukajaa wanaume wakiulizana ni mirabaraba gani hasa iliyo ya ukoo wao. Kampuni ya Wilson ya Bannockburn, iliyokuwa ikifuma vitambaa kwa ajili ya jeshi, ilikuwa na majibu na ilikuwa na bei. Mfalme mwenyewe, mnene kupita kiasi, alitokea na kilti, lile shuka la mirabaraba la kiunoni, fupi juu ya soksi ndefu za rangi ya mwili. Vazi zima liligharimu zaidi ya pauni 1,300. Mchoraji David Wilkie alimpunguza tumbo na kuishusha kilti kidogo, na picha hiyo ya adabu ndiyo iliyobaki.

Miaka 20 baadaye ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart, wakidai ni wajukuu wa Charles Edward, walitoa kitabu cha fahari chenye orodha ya mirabaraba ya kila ukoo, eti kimenakiliwa kutoka hati ya karne ya 16. Hati yenyewe haikuonwa na mtaalamu yeyote. Mitindo kadhaa iliyozuliwa humo bado inauzwa kama urithi wa kale.

Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper alizipekua hekaya hizi kwa furaha ya wazi katika kitabu The Invention of Tradition cha mwaka 1983. Alishikilia hata kwamba kilti fupi ni wazo la Mwingereza mwenye tanuri la chuma, Thomas Rawlinson, karne ya 18. Wengine wamempinga, kwa sababu shuka refu lililofungwa kiunoni linajulikana tangu karne ya 16 na kulikata nusu hakuhitaji Mwingereza. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kukifahamu kitabu hicho. Wahariri wake walikuwa Eric Hobsbawm, na pamoja naye Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, na sura yake humo inaonyesha jinsi wakoloni walivyobuni "mila" za Kiafrika kwa mtindo uleule. Ranger ndiye pia aliyeandika historia ya ngoma ya beni, na ndani yake wamo Waskoti wa Mombasa: kundi la Skochi, mahasimu wa Kingi, lililoazima jina na sura kutoka vikosi vya kilti na kuzitumia kwa mashindano ya Waswahili wenyewe.

Uhusiano na pwani hii haukuishia kwenye ngoma. David Livingstone aliandika kwamba baba wa babu yake aliuawa Culloden upande wa Stuart, na kwamba babu yake alikihama kisiwa cha Ulva kwa kuwa shamba halikutosha kulisha familia, akaenda kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba. Mtu aliyekutwa na Stanley Ujiji mwaka 1871 alikuwa mjukuu wa wapangaji wa milimani. William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown, alipanda upande wa pili: alitajirika kwa meli, akanunua ardhi ya Balinakill na kuwa lairdi, kisha mwaka 1888 kampuni yake ikapewa hati ya kifalme ya kutawala pwani ya Kenya iliyokodishwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Hakuna mwandishi wa mapenzi aliyemtaka, nadhani kwa sababu ya ndevu na vitabu vyake vya hesabu.

Ndugu wa karibu wa lairdi katika riwaya hizi ni naiti, mpiganaji wa farasi mwenye deraya. Naye amepitia mikono ya Scott. Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa 1819, iliwarudishia Waingereza mashindano ya mikuki, kasri linalowaka na msichana mfungwa mnarani. Naiti wa kweli alikuwa mtu wa biashara kuliko anavyopendwa kukumbukwa. William Marshal, aliyekufa 1219 akiwa mtawala wa Uingereza kwa niaba ya mfalme mtoto, alianza kama kijana asiye na urithi aliyejipatia riziki kwenye mashindano kwa kuwakamata wapinzani na kudai fidia ya farasi na deraya zao. Penzi la kuteseka kwa ajili ya mke wa mtu lilikuwa kwanza kazi ya washairi wa Ufaransa. Chrétien de Troyes alimwandika naiti Lancelot kwa agizo la mwanamke, Marie wa Champagne. Wanawake waliagiza hadithi hizi tangu mwanzo.

Jinsi Ivanhoe ilivyowalevya watu ilionekana Agosti 1839. Earl wa Eglinton, huko Ayrshire, alitumia mali nyingi kuandaa mashindano ya manaiti halisi, na makumi ya maelfu ya watu walikuja, wengine kwa treni. Mvua ikanyesha kama imetumwa. Uwanja ukawa bwawa, majukwaa yakavuja, na bwana mmoja mwenye deraya akaonekana ameshika mwavuli. Mark Twain alikwenda mbali zaidi alipodai kwamba majimbo ya kusini mwa Marekani yalileweshwa na Scott kiasi cha kuingia vitani. Alitia chumvi, lakini alijua alichokuwa akikisema kuhusu vitabu vilivyokuwa kwenye rafu za wenye mashamba ya pamba.

Susan Ferrier, rafiki wa Scott, aliucheka mchezo wote mapema kabisa. Katika Marriage ya mwaka 1818, binti wa kifahari wa London anatoroka na kijana wa milimani akitegemea kasri la kishairi. Anafikishwa kwenye jengo la mawe lenye baridi, shangazi wengi waliokaa kitako, uji wa shayiri na zumari zisizonyamaza. Ni kitabu cha kuchekesha sana, na waandishi wa leo wamekuwa wakikijibu bila kukisoma, maana kila kasri lao lina maji ya moto ya kuogea.

Riwaya za mapenzi kama tunavyozijua zilikuja na biashara ya vitabu vya bei nafuu. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, Harlequin huko Winnipeg, Kanada, mwaka 1949, na mwaka 1971 ya pili ikainunua ya kwanza. Vitabu hivyo vyembamba vilifika pia kwenye mabweni ya shule za wasichana Kenya na kwa wauza vitabu wa mitumba, vikipitishwa chini ya madawati mpaka majalada yakaisha. Mwaka 1972 Kathleen Woodiwiss wa Marekani alitoa The Flame and the Flower, riwaya nene ya kihistoria ambayo haikufunga mlango wa chumba cha kulala. Iliuza mamilioni. Ilifungua pia mtindo wa aibu: shujaa anambaka msichana mwanzoni, na mwisho wanapendana. Ukatili wa Edinbellie ulirudi, safari hii ukivishwa hariri.

Wasomaji wenyewe hawakuwa wajinga. Msomi Janice Radway, katika utafiti wake wa 1984, aliwasikiliza wanawake wa mji mdogo wa Marekani walionunua riwaya hizi kwa mkupuo. Walimweleza kwamba kusoma ndiyo saa pekee ambayo hakuna mtoto wala mume anayeruhusiwa kuwaita, na kwamba walichukizwa na mashujaa wakatili. Walichotaka ni mwanamume mwenye nguvu anayejua kutunza. Soko likawasikia polepole. Jude Deveraux alikuwa amempeleka msomaji milimani kwa Highland Velvet mwaka 1982. Julie Garwood, kwa The Bride ya 1989, aliongeza ucheshi: msichana wa Kiingereza anaozwa kwa amri ya mfalme kwa lairdi mwenye amri nyingi, naye anazipuuza moja baada ya nyingine. Kasri la Garwood ni la karne ya 12, lakini linaongozwa kama nyumba ambayo mke mwerevu anamwacha mume adhani ndiye anayeamua.

Diana Gabaldon alikuwa akifundisha Arizona State University alipoona tamthilia ya zamani ya Doctor Who yenye kijana wa Kiskoti wa mwaka 1746 aliyevaa kilti. Mwaka 1988 akaanza kuandika, akitegemea maktaba. Outlander ilitoka 1991. Claire, muuguzi wa Vita Kuu ya Pili, anaangukia mwaka 1743 na kuolewa na Jamie Fraser. Safari hii bibi harusi ndiye mkubwa kwa umri na mwenye uzoefu wa kitanda. Bwana harusi hajawahi. Yeye ndiye anayejeruhiwa, na mke ndiye anayemtibu. Tena Claire anajua Culloden inakuja.

Gabaldon alimpa Jamie babu wa kweli: Simon Fraser, Lord Lovat. Mwaka 1697 Lovat huyo alimwoa mjane wa kabaila kwa nguvu, na masimulizi yanasema zumari zilipigwa ili vilio visisikike. Alikatwa kichwa London mwaka 1747, wa mwisho kuuawa hivyo Uingereza. Kumfanya mtu kama huyo kuwa babu wa mume mwema kuliko wote ni ujasiri, au ni utani wa mtu aliyesoma sana.

Jambo jingine linalopendwa vitabuni ni ndoa ya kufungana mikono kwa mwaka na siku moja, wapenzi wakiwa huru kuachana muda ukiisha. Martin Martin, mwenyeji wa Skye, aliitaja desturi ya namna hiyo mwaka 1703, na Scott akaieneza katika The Monastery ya 1820. Wataalamu wa sheria wameitilia shaka tangu hapo: inaelekea kufunga mikono kulikuwa uchumba tu. Cha kuchekesha ni kwamba sheria halisi ilitosha kuandikia riwaya. Huko Skoti, hadi mwaka 1940, wawili waliotamka mbele ya mashahidi kwamba wanachukuana walikuwa wameoana, bila kasisi wala ruhusa ya mzazi, na ndiyo maana vijana wa Kiingereza walitorokea Gretna Green.

Kwa kuviweka vitabu hivi pamoja, linaonekana jambo ambalo Scott asingeliandika. Lairdi wa riwaya za leo hafi na wala hafukuzi mtu. Anajua majina ya watoto wa wapangaji, anagawa nafaka majira ya baridi, anakataa dhahabu ya Waingereza inayomtaka auze bonde. Mke wake mgeni hukubaliwa na ukoo siku anapomtibu mtoto wa mchungaji. Ahadi ya zamani, kwamba wewe utanipigania nami sitakutoa kwenye ardhi yako, inatimizwa ukurasa baada ya ukurasa na wanawake walioandika wakiwa Marekani. Makabaila wa kweli waliivunja, na wajukuu wengi wa waliofukuzwa waliishia Amerika Kaskazini, ambako soko kubwa la vitabu hivi liko.

Tamthilia ya Outlander ilipoanza kurushwa mwaka 2014, kasri la Doune, lililotumika kama Castle Leoch, kasri la kubuni la hadithi hiyo, lilipata wageni zaidi ya maradufu. Culloden, wageni humwendea Jamie, mtu asiyewahi kuwapo, kwenye jiwe la ukoo wa Fraser lililowekwa mwaka 1881, wakiacha maua kiasi kwamba nyasi za mbele zimelazimika kutunzwa upya. Chini yake wamezikwa watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Ardhi yenyewe imebaki na wachache. Wamiliki wasiofika 500 wanashika karibu nusu ya mashamba yote ya watu binafsi vijijini Skoti, ingawa jamii za visiwa kama Eigg, mwaka 1997, na Ulva, mwaka 2018, zimevinunua visiwa vyao kutoka kwa wenyewe. Anayetaka njia ya mkato anaweza kununua kwenye intaneti kiwanja cha futi moja ya mraba, pamoja na cheti kinachomruhusu kujiita lairdi. Vyeti hivyo vinauzika sana kama zawadi za siku ya kuzaliwa. Sheria ya Skoti inaviita viwanja vya ukumbusho na haivisajili, na ofisi ya Lord Lyon, msimamizi wa nembo na vyeo huko, imeeleza kwamba ununuzi huo haumpi mtu cheo chochote.